Kombi Kuukuu: Kutafuta Hitilafu za Breki na Waya Kabla ya Kushuka Magadi

Jioni moja nikiwa kwenye foleni ya Kiserian, nikitoka Magadi, kijana wa bodaboda alinigongea kioo. "Mzee, ukikanyaga breki taa ya kushoto inafifia, halafu indiketa nayo inawaka. Angalia hiyo kitu." Nikamshukuru. Kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa nimenunua balbu nne, rilei ya indiketa (swichi inayoiwasha na kuizima) na swichi ya taa za breki, vyote kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, na ugonjwa ulikuwa palepale. Dawa yake ilikuja kuwa kipande cha msasa na dakika kumi: skrubu inayoshika waya wa athi, yaani ule unaorudisha umeme, nyuma ya taa ilikuwa imejaa kutu.

Katika kuitafuta skrubu hiyo, nilipitisha mkono chini ya dashibodi nikautoa ukiwa na mafuta vidoleni. Yalikuwa mafuta ya breki, yanadondoka polepole juu ya nyaya. Ndiyo maana nayaandika mambo haya mawili pamoja. Ukimpelekea fundi wa breki, atatazama magurudumu. Ukimpelekea fundi wa umeme, atatazama fyuzi. Pale yanapokutana hapana mwenyewe.

Kombi yangu ni Volkswagen ya 1988, ile aina inayoitwa T3, injini nyuma, iliyoanza kuundwa Ujerumani mwaka 1979. Ina kitanda, meko, friji ndogo na betri ya pili. Kama gari lako ni HiAce lililotiwa kitanda na mafundi wa mbao wa Ngong Road, hatua ni zilezile, ila mahali pa vitu ndipo patatofautiana, nami nitasema inapobidi. Magari haya ya kulala yana tabia moja: safari haiyaharibu kama kukaa kunavyoyaharibu. Langu hukaa chini ya mti tangu mvua za Machi mpaka za Mei zimalizike, na kila nikiliamsha linakuwa na lalamiko jipya.

Kabla ya kugusa chochote

Egesha kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, si juu ya murram. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Weka stendi, na kama huna, azima kwa jirani. Funga mtungi wa gesi na ufungue milango, kwa sababu cheche ya waya na gesi iliyovuja chini ya kitanda havipatani.

Vifaa si vingi. Multimita (kipimo cha umeme) ya kawaida kutoka Luthuli Avenue inatosha kabisa. Ongeza taa ya kupimia yenye ncha na klipu, spana ya pete inayoingia sawasawa kwenye nipo za breki (skrubu ndogo za kutolea hewa), mpira mwembamba unaoonyesha ndani, chupa ya maji iliyokwisha, msasa, na chupa ya mafuta ya breki ambayo haijafunguliwa. Sisitizo ni hapo kwenye "haijafunguliwa". Chupa iliyokaa nusu kwenye rafu ya gereji tangu mwaka jana imeshakunywa unyevu wa kutosha.

Anza na breki. Gari lisilo na taa unaweza kuliegesha kando ukangoja asubuhi.

Hatua ya kwanza: sikiliza mguu wako

Pedali itakuambia mengi kabla hujafungua nati hata moja. Kaa kwenye kiti, injini ikiwa imezimwa, ukanyage mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Sasa ishikilie kwa mguu, bila kupiga, kwa muda wa dakika nzima.

Ikizama taratibu kuelekea sakafuni na huoni mahali panapovuja, mipira ya ndani ya masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, imechoka, na mafuta yanapita kando yake badala ya kwenda kwenye magurudumu. Ikiwa inabonyea kama godoro na inapanda ukiipampu, kuna hewa ndani ya mfumo, au breki za nyuma zimelegea na zinahitaji kukazwa. Ikizama moja kwa moja mpaka chini, gari hilo lisiondoke hapo lilipo. Ita gari la kuvuta.

Ikibaki ngumu bila kuzama, endelea kuishikilia kisha washa injini. Inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu, kama kitu kilichopumua. Hiyo ni busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu, inafanya kazi. Isiposhuka, busta haipati vakyumu, yaani mvuto wa hewa. Kwenye Kombi ya injini nyuma, paipu ya vakyumu husafiri urefu wote wa gari, kutoka injini mpaka mbele kwa dereva, na kila kiungo cha mpira njiani ni mahali pa kupasuka. Yangu ilikuwa na ufa juu ya giaboksi, mdogo kama ukucha. Nilikuwa tayari nimeulizia bei ya busta. Kwenye magari mengi ya dizeli vakyumu hutoka kwenye pampu yake pembeni mwa injini, kwa hiyo huko anza na pampu na mkanda wake.

Hatua ya pili: tazama mafuta, na uyaguse

Kwenye HiAce chombo cha mafuta ya breki unakiona kirahisi. Kwenye T3 kimefichwa: nyanyua kifuniko cha plastiki kilicho juu ya saa za dashibodi, utakiona chombo cheupe kimekaa nyuma yake. Wengi wameliendesha gari hilo miaka mingi bila kujua kipo hapo. Klachi nayo hunywa kutoka chombo hichohicho, kwa hiyo mafuta yakipungua usiwalaumu watu wa breki peke yao. Angalia na klachi kama inavuja.

Mafuta mapya huwa ya manjano hafifu na unaona ndani. Yakifikia rangi ya strungi, yamwage. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 na DOT 4 (limeandikwa kwenye chupa) huvuta maji kutoka hewani, hata kupitia mipira, na maji hushusha kiwango cha kuchemka. DOT 4 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishakunywa maji, kiwango kinachokubalika kinashuka mpaka 155. Sasa fikiria kutoka Kona Baridi kushuka Magadi, zaidi ya mita 1,000 za kuteremka, gari limebeba kitanda, maji, betri mbili na watoto. Breki zikipata moto, mafuta yaliyo karibu na magurudumu huchemka na kutoa mvuke. Mvuke unabonyezeka, mafuta hayabonyezeki. Pedali inaenda chini na gari halisimami.

Kibaya zaidi, breki zikipoa mvuke hurudi kuwa majimaji na pedali inakuwa nzima. Unamfikia fundi, anaikanyaga mara mbili, anakuambia, "Mzee, hii haina shida." Naye hasemi uongo. Kama breki zako zilikuacha kwenye mteremko kisha zikarudi zenyewe, shuku mafuta kabla ya kitu kingine, na uyabadilishe yote. Baada ya hapo badilisha kila miaka miwili hata kama gari halikutembea.

Usichanganye na DOT 5, ile ya silikoni. Na usikubali mtu akuongezee mafuta ya giaboksi au ya injini "ya kukufikisha nyumbani". Mafuta ya aina hiyo huvimbisha mipira ya breki, na utajikuta unanunua masta, silinda na hosi zote kwa pamoja.

Hatua ya tatu: gurudumu gani lina homa?

Endesha kama kilomita tano mahali pasipo na msongamano, ukitumia breki kidogo tu. Simama, shuka, upeleke kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Magurudumu mawili ya mbele yawe na joto linalolingana, na ya nyuma vilevile. Moja likiwa na homa peke yake, breki yake haiachii.

Hapo ndipo watu hununua kalipa (kile kinachobana pedi za breki) bure. Nyanyua gurudumu hilo, jaribu kulizungusha kwa mkono. Likikataa, funga mpira kwenye nipo ya kutolea hewa na uilegeze nusu mzunguko. Mafuta yakiruka kwa nguvu na gurudumu likaachia papo hapo, presha ilikuwa imenaswa, na mara nyingi mnasaji ni hosi ya mpira. Hosi ya zamani huvimba kwa ndani mpaka inabaki tundu la sindano: mguu wako una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, lakini hakuna kitu cha kuyarudisha. Kwa nje inaweza kuonekana nzima kabisa. Ukishaifungua nipo na gurudumu bado limekaza, basi ni pistoni ya kalipa au pini zake zilizoshika kutu. Kama hosi ni za umri wa gari, badilisha zote.

Kwa breki za ngoma za nyuma, toa ngoma utazame silinda. Kunja ukingo wa mpira wake kwa bisibisi ndogo. Kukiwa na majimaji ndani, imeanza kuvuja. Vumbi lililomo usilipulize kwa upepo wa kompresa, maana breki shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Loweka kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kitupe kitambaa hicho.

Hatua ya nne: kutoa hewa, na mpwa wako

Kazi hii inataka watu wawili na maneno mawili. Mimi huwa namwita mpwa wangu, nimemfundisha kurudia kila neno ili nijue amesikia.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga, mjomba."

Nafungua nipo, mafuta yanatoka na mapovu kupitia mpira mpaka kwenye chupa, nafunga.

"Achia."

"Nimeachia."

Akiachia kabla sijafunga, gari linavuta hewa na tunaanza upya. Ameshafanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili alikuwa anaangalia simu.

Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta: kwa magari yetu ya usukani wa kulia, nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Ncha ya mpira izame ndani ya mafuta yaliyo chupani. Ongeza mafuta kwenye chombo kila baada ya kukanyaga mara nne au tano. Kikikauka umeharibu kazi ya asubuhi nzima. Na weka kipande cha ubao chini ya pedali isifike mwisho. Ndani ya masta ya zamani kuna sehemu ambayo pistoni haijawahi kufika kwa miaka, imejaa kutu na uchafu, na ukiisukuma mipira mpaka huko inachanika. Wako wanaoingia gereji na pedali laini na kutoka bila pedali kabisa, wakidhani wamerogwa.

Hatua ya tano: pale breki inapoingia kwenye umeme

Kwenye HiAce, swichi ya taa za breki iko juu ya pedali. Ni kitufe kinachobonyezwa, na kikilegea unakirekebisha kwa nati. Kwenye T3 swichi ziko mbili, zimefungwa kwenye masta silinda yenyewe, na huwashwa na presha ya mafuta. Zikizeeka hutokea mambo mawili. La kwanza, taa haziwaki mpaka ukanyage kwa nguvu, kwa hiyo wa nyuma yako kwenye foleni ya Langata anaona gari linapunguza mwendo bila onyo. La pili, mafuta huanza kupenya kupitia swichi yenyewe mpaka kwenye soketi yake, na kutoka hapo yanatambaa kwenye nyaya.

Pitisha mkono chini ya masta. Vidole vikirudi na utelezi, au ukikuta rangi ya bodi hapo imebanduka kama ganda la kitunguu, umepata mvujo. Chomoa soketi ya swichi uitazame ndani: iwe kavu na yenye kung'aa. Yangu ilikuwa na utando wa kijani. Kisha washa swichi ya gari, gusa pini kwa taa ya kupimia, upate ile yenye umeme muda wote. Ukikanyaga breki kidogo tu, pini ya pili inapaswa kupata umeme pia. Ikingoja mpaka ukanyage kwa hasira, swichi imekwisha. Shika mpya mkononi, fungua ya zamani, ingiza mpya haraka, kisha rudi hatua ya nne utoe hewa. Nyaya zilizolowa zifute, na rangi uioshe kwa maji mengi, maana mafuta haya hula rangi.

Hatua ya sita: athi

Athi (siyo ule mto) ni njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Kwenye gari lenye umri wa ndoa yangu, nusu ya matatizo ya taa yako hapa, na ndiyo sehemu isiyouzwa dukani, kwa hiyo hakuna anayekutajia.

Ugonjwa wangu wa Kiserian ulikuwa hivi. Taa ya nyuma ina balbu kadhaa zinazotumia athi moja. Athi hiyo ikikatika, umeme wa taa ya breki unafika kwenye balbu lakini hauna pa kutokea. Basi hupanda kinyumenyume kupitia balbu ya indiketa, unafuata waya wake mpaka indiketa ya mbele ambayo athi yake ni nzima, na kutokea huko. Matokeo: taa ya breki inafifia, indiketa inang'aa kidogo, na dereva anaenda kununua rilei.

Kipimo chake ni rahisi kuliko maelezo. Weka multimita kwenye volti 20 za DC. Ncha nyeusi iwe kwenye hasi ya betri. Ongeza waya mrefu kama haifiki. Ncha nyekundu iguse athi ya soketi ya taa huku mtu amekanyaga breki. Namba iwe karibu na sifuri, isizidi 0.2. Yangu ilisoma volti 4: yaani karibu theluthi ya betri ilikuwa inapotelea kwenye skrubu. Ukiipata yako, ifungue, sugua chuma mpaka king'ae pande zote mbili, kaza, upake grisi juu. Rudia kipimo. Fanya hivyo kwa kila taa, na usisahau ule mkanda mnene unaounganisha giaboksi au injini na bodi. Ukioza, stata inavuta kwa uvivu na watu wanabadilisha betri.

Jambo muhimu: pima kitu kikiwa kinafanya kazi. Waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima utaonyesha volti 12 ukiwa haujabeba kitu, lakini balbu ya wati 21 ikitaka karibu ampia mbili, volti zinaanguka.

Hatua ya saba: umeme wa nyumbani ndani ya gari

Upande wa friji, taa za kitandani na chaja za simu ndiko mafundi wengi wamepita na kila mmoja ameacha alama yake. Kwenye gari langu nilikuta waya wa nyumba, ule wa uzi mmoja mgumu, umetumika kwa friji. Ukutani ni mzuri. Kwenye gari linalotikisika huvunjika ndani ya ganda lake bila kuonekana. Tumia waya wa nyuzi nyingi, na kwa friji usiende chini ya milimita 4 za mraba. Viungo vilivyosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu vyote vikate, uvibane kwa vifungio vya chuma.

Fyuzi iwe karibu na betri, kila betri na yake. Fyuzi ikiungua mara mbili, usiweke kubwa zaidi. Kuna waya unaogusa bodi, au panya amepita.

Betri ikilala na nguvu na kuamka bila, zima kila kitu, iache itulie saa kadhaa, upime. Betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, 12.2 ni kama nusu. Injini ikiwashwa isome kati ya 13.8 na 14.4, na betri ya pili nayo ipande. Isipopanda, rilei inayoziunganisha haifungi. Kutafuta kinachonyonya usiku, chomoa waya wa hasi, pitisha umeme kupitia multimita upande wa ampia 10, kisha chomoa fyuzi moja moja. Chini ya ampia 0.05 ni kawaida. Usijaribu kuwasha injini multimita ikiwa hapo, utaiunguza. Mwizi wangu alikuwa redio.

Majaribio

Usitoke gereji ukaingia moja kwa moja Southern Bypass. Zunguka uwanjani kwanza, simama mara kumi kutoka mwendo wa kutembea, kisha kutoka kilomita 30 kwa saa, ukiachia usukani kidogo uone kama gari linavuta upande. Usiku, rudi nyuma kwenye ukuta mweupe utazame taa zako zenyewe ukikanyaga, ukiweka indiketa, ukiwasha zote pamoja.

Mimi huenda mpaka Kona Baridi. Kuteremka natumia gia ya pili, nakanyaga breki kwa vipindi na kuziachia zipoe. Wale wanaoweka nyutro kuokoa mafuta nawaacha wapite. Nikifika chini nasimama kando, nazunguka na kiganja. Jumapili iliyopita magurudumu matatu yalikuwa sawa, la nyuma kushoto likiwa na joto zaidi kidogo. Hosi zake ni mpya, silinda ni mpya, kwa hiyo nashuku kebo ya hendibreki hairudi yote. Nimeiandika kwenye daftari, na mpwa ameshaambiwa Jumamosi asipange kitu.